Kiu ya kuwa na kwetu, na bei ya utaifa uliokithiri

Jioni ya tarehe 31 Julai 1914, Jean Jaurès alikuwa ameketi mkahawani jijini Paris akila chakula na wenzake. Alikuwa mbunge, mwanzilishi wa gazeti, na mmoja wa watu waliopaza sauti zaidi nchini Ufaransa kupinga vita vilivyokuwa vikinukia. Kijana mmoja, Raoul Villain, alimpiga risasi kupitia dirishani, akamuua. Villain hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mfaransa, tena mfuasi wa utaifa mkali, aliyeamini kuwa anaipenda Ufaransa kuliko yule aliyemuua. Siku tatu baadaye Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ufaransa. Vita vilipokwisha, Wafaransa zaidi ya milioni 1.3 walikuwa wamekufa, na mwaka 1919 mahakama ilimwachia Villain huru. Mjane wa Jaurès ndiye aliyetakiwa kulipa gharama za kesi.

Tunapoonywa juu ya utaifa uliokithiri, mawazo yetu humwendea mgeni kwanza: mhamiaji anayechomewa duka, jamii ya wachache inayofukuzwa, nchi jirani inayovamiwa. Ni haki kuwafikiria hao, maana ndio wanaoumia kwa wingi. Lakini lipo jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba utaifa wa aina hii huwaua watu wa kwao. Mahatma Gandhi alipigwa risasi tarehe 30 Januari 1948 na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake, aliyemwona amewalegezea Waislamu. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na Myahudi mwenzake, Yigal Amir, kwa sababu ya kutafuta mapatano na Wapalestina. Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu wa Rwanda, alikuwa Mhutu; askari waliotumikia msimamo mkali wa Kihutu walimuua asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, katika saa za mwanzo kabisa za mauaji ya kimbari. Na tarehe 22 Julai 2011, Anders Behring Breivik, aliyejitangaza mlinzi wa Norway, aliua watu 77, wengi wao vijana wa Norway waliokuwa kwenye kambi ya chama cha siasa katika kisiwa cha Utøya.

Sioni ajali katika mfululizo huu. Utaifa uliokithiri humvuta mtu kwa kumwahidi kwamba atakuwa na kwao, kisha huigeuza ahadi hiyo kuwa deni lisilolipika. Kila siku inambidi athibitishe upya kwamba yeye ni wa hapa, na uthibitisho unaotakiwa ni kumchukia fulani. Anayechoka kuchukia, anayeuliza swali, anayemhurumia mtu aliyekatazwa kuhurumiwa, huyo huitwa msaliti, na msaliti huchukiwa kuliko adui. Hapo ndipo ninapotaka tutazame, kwa sababu hoja nyingi dhidi ya utaifa mkali hukosa shabaha. Huwashutumu wafuasi wake kwa ujinga au ukatili wa kuzaliwa nao, ilhali wengi wao waliingia wakitafuta kitu ambacho mimi nawe tunakitafuta.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakutia chumvi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, mtu asiye na kwao hakuwa na wa kumtetea akionewa, wa kumuuguza akilala kitandani, wala wa kumzika. Kutengwa kulikuwa hukumu inayokaribia kifo, na miili yetu bado inakumbuka hivyo. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo mwepesi wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Kila mmoja aliamini anacheza na watu wawili walio mahali pengine. Baada ya muda, wale wawili wakaanza kurushiana wao kwa wao tu. Hakuna tusi lililotolewa, hakuna kilichopotea, mchezo wenyewe haukuwa na zawadi. Hata hivyo picha zilionyesha msisimko katika sehemu ya ubongo inayohusishwa na kero ya maumivu ya mwili.

Watafiti waliofuata, Kipling Williams akiwa miongoni mwao, waligundua jambo gumu zaidi kulimeza. Watu huumia hata wanapoambiwa mapema kwamba anayewatenga ni kompyuta tu. Huumia hata wanapoambiwa kwamba wanaowatenga ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa kizungu wa Marekani ambalo wao wenyewe hawalipendi hata kidogo. Tafakari maana yake kisiasa. Kama kukataliwa na watu tunaowadharau kunatuuma, basi kukaribishwa na watu wa namna hiyo kunaweza kutupoza. Kijana ambaye darasa zima halimwoni, ambaye kazini hajulikani jina, akiitwa siku moja na kikundi kibaya kuliko vyote kikamwambia "wewe ni ndugu yetu," atapata nafuu kwanza. Kupima kama wanayoyasema ni kweli kutakuja baadaye, kama kutakuja.

Mtu aliyeonyesha vizuri kuliko wengine jinsi hitaji hili linavyoweza kugeuka ni mwanasaikolojia Henri Tajfel, na maisha yake yanastahili kusimuliwa pamoja na kazi yake. Alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, akaenda Ufaransa kusoma kemia, vita vikamkuta huko akaingia jeshini. Mwaka 1940 alitekwa na Wajerumani, akakaa kwenye kambi za wafungwa wa kivita hadi vita vilipokwisha, akijulikana kama mwanajeshi wa Ufaransa. Lau wangegundua kuwa ni Myahudi wa Poland, ucheshi wake, elimu yake na ushujaa wake visingemsaidia kitu. Aliporudi uraiani alikuta karibu jamaa na marafiki zake wote wa utotoni wameuawa. Alikuwa amenusurika kwa sababu ya fungu aliloandikiwa kwenye karatasi, na wao walikufa kwa sababu ya fungu waliloandikiwa.

Miaka mingi baadaye, akiwa profesa Bristol nchini Uingereza, aliuliza swali lililoonekana dogo: ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwafanya watu wapendelee wa upande wao? Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1970, aliwachukua wavulana 64 wa miaka 14 na 15, waliokuwa wakifahamiana kutoka shule moja. Aliwaonyesha nukta nyingi kwenye skrini, akawataka wakadirie idadi. Kisha kila mmoja akaambiwa yuko katika kundi la wanaokadiria juu au la wanaokadiria chini. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya hapo kila mvulana, akiwa peke yake, aligawa fedha kidogo kwa wenzake ambao hakuambiwa majina yao, aliambiwa namba na kundi tu. Hakuweza kujigawia mwenyewe. Hapakuwa na uhasama wa zamani, wala ardhi inayogombewa, wala dini. Palikuwa na nukta.

Wavulana walipendelea wa kundi lao. Hilo pekee lingekuwa habari, lakini jaribio lililofuata, ambamo makundi yalitengwa kwa kisingizio cha kupenda picha za mchoraji Klee au za Kandinsky, lilionyesha kitu cha kutisha zaidi. Walipowekewa uamuzi kati ya kulipatia kundi lao kiasi kikubwa iwezekanavyo, na kulipatia kiasi kidogo zaidi ili mradi pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa, mvuto wa pengo ulikuwa na nguvu. Walikuwa tayari wenzao wapate kidogo, ilimradi wale wengine wapate kidogo zaidi.

Ukielewa hilo, siasa nyingi ambazo zingeonekana za kiwendawazimu zinaanza kuwa na mantiki yake mbaya. Mwanasiasa wa utaifa mkali hahitaji kuboresha maisha ya wafuasi wake. Anahitaji kuwahakikishia kwamba wale wengine wako chini yao. Ndiyo maana bei zinaweza kupanda, ajira zikapotea, vijana wakafa mpakani, na bado umati ukashangilia. Wanalipwa kwa pengo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Taifa lenyewe silioni kuwa sumu. Wapo wenye nia njema wanaodhani dawa ni kuachana nalo kabisa, kila mtu ajiite raia wa dunia. Naliheshimu wazo hilo, ila siliamini. Taifa ni kati ya vitu vichache vilivyowahi kumfanya mtu alipe kodi ili mgonjwa asiyemjua, wa mji asioufika, apate dawa. Harakati za kung'oa ukoloni katika Asia na Afrika zilisimama juu ya hisia hiyo: watu wa lugha, dini na koo mbalimbali walikubali kwamba wana hatima moja. Na hitaji la kuwa na kwetu halifi kwa kuhubiriwa kwamba ni la kizamani. Ukimwambia mtu kuwa kuipenda nchi yake ni ushamba, hatakuwa raia wa dunia; atamtafuta mtu mwingine atakayemwambia kwamba hakukosea, na anayengoja mlangoni kumwambia hivyo mara nyingi ni mwenye msimamo mkali.

Ernest Renan, mwanafikra wa Kifaransa, katika mhadhara wake wa mwaka 1882 mjini Paris, alisema taifa husimama juu ya mambo ambayo watu wake wanayakumbuka kwa pamoja na mengine ambayo wameyasahau kwa pamoja, na kwamba ni kama kura inayopigwa kila siku ya kutaka kuendelea kuishi pamoja. Nalipenda wazo la kura ya kila siku kwa sababu moja: mpiga kura anaweza kuwa na mawazo tofauti na bado akabaki kwenye daftari. Utaifa uliokithiri hauvumilii hilo. Wafuasi wake husema daftari lilishafungwa, majina yaliandikwa kwa damu tangu zamani za kale, na wao ndio makarani wenye haki ya kufuta.

Tazama wanavyofuta. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wayahudi wa Ujerumani wapatao 100,000 walivaa sare ya jeshi la Ujerumani, na takriban 12,000 kati yao walikufa. Walizungumza Kijerumani, waliimba nyimbo za Kijerumani, walizikwa kwa heshima za Kijerumani. Kama kuna jambo ambalo mtu anaweza kulifanya ili ahesabiwe mwenyeji, walilifanya. Waliorudi waliunda chama cha maveterani kukumbusha nchi kwamba damu yao nayo ilimwagika. Septemba 1935, Sheria za Nuremberg za utawala wa Wanazi ziliwavua uraia kamili, na kilichoangaliwa ni babu na bibi zao walikuwa wa dini gani. Nishani hazikuhesabiwa. Masharti yalibadilishwa wakiwa wameshayatimiza.

Côte d'Ivoire iliona jambo hilo kwa namna yake katika miaka ya 1990. Henri Konan Bédié alipokuwa rais, wazo la ivoirité, yaani uzawa halisi wa Ivory Coast, liliingizwa kwenye siasa na kwenye sheria za uchaguzi. Alassane Ouattara, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo kuanzia 1990 hadi 1993, akaambiwa si mzawa wa kutosha kugombea urais, na mwaka 2000 mahakama ikamwondoa kwenye kinyang'anyiro. Mtu anaweza kusema hayo ni magomvi ya wakubwa. Lakini kila mkazi wa kaskazini mwenye jina la kufanana na lake alielewa ujumbe: kama waziri mkuu mzima anaulizwa wewe ni wa wapi, mimi je, nikisimamishwa na polisi barabarani? Vita vilizuka mwaka 2002. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 damu ikamwagika tena, wakafa watu wapatao 3,000.

Halafu kuna Afrika Kusini, Mei 2008. Ghasia dhidi ya wahamiaji zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa. Watu 62 waliuawa, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Theluthi nzima. Makundi yalikuwa yakiwasimamisha watu na kuwataka wataje kiwiko kwa Kizulu. Anayeshindwa ni mgeni. Lakini Afrika Kusini ina lugha rasmi nyingi, na Mvenda au Mtsonga aliyezaliwa humohumo anaweza asilijue neno hilo. Waliokuwa wakitafuta wageni walihitaji kipimo, na kipimo hicho kikawakata raia wenzao. Nadhani hakuna mfano unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba mpaka wa "sisi" ukishaanza kuchorwa kwa hasira, mchoraji hana pa kusimamisha kalamu.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema na kulisema kwa ukali katika miaka ya 1990, alipoifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu: aliyeionja haachi. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaojitenga na wenzao kwa kusema "sisi" na "wao" wasitegemee kubaki wamoja baada ya wale "wao" kuondoka, kwa sababu ndani ya "sisi" watagundua "wao" wengine. Alikuwa akizungumzia Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ila angeweza kuwa anazungumzia Yugoslavia, iliyokuwa ikivunjika miaka hiyohiyo. Huko Waserbia, Wakroati na Wabosnia walizungumza lugha moja, na ndoa za mchanganyiko hazikuwa ajabu, hasa Sarajevo. Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alisimama Kosovo tarehe 28 Juni 1989 kuadhimisha pambano la Waserbia na Waturuki lililokuwa limetimiza miaka 600. Miaka sita baadaye, Julai 1995, wanaume na wavulana Waislamu wa Bosnia zaidi ya 8,000 waliuawa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia huko Srebrenica.

Ni nani basi anayeitikia wito huu? Jibu la haraka ni maskini wasio na kazi, na kuna ukweli ndani yake: Ujerumani ya mwaka 1932 ilikuwa na watu milioni 6 wasio na ajira. Lakini maskini wengi hawamchukii mtu, na matajiri wengi wanachukia vizuri tu. Njaa peke yake haielezi. Kinachoeleza zaidi, kwa maoni yangu, ni kudhalilika na kukosa nafasi: hisia kwamba ulikuwa mtu na sasa si mtu, au kwamba hukuwahi kuhesabiwa na hutahesabiwa. Tore Bjørgo wa Norway, aliyewachunguza kwa miaka mingi vijana wa vikundi vya kibaguzi vya Skandinavia, alionyesha kwamba mara nyingi kijana hujiunga kwanza, kisha ndipo anapojifunza itikadi. Anakuja kwa sababu ya rafiki, ya ulinzi dhidi ya wanaomwonea, ya kutafuta msisimko na mahali pa kukaa jioni. Chuki hufundishwa akiwa ameshaketi.

Christian Picciolini anasimulia hivyohivyo juu yake mwenyewe. Alichukuliwa na wabaguzi wa kizungu karibu na Chicago mwaka 1987 akiwa na miaka 14, baadaye akawa kiongozi wao, kisha akaachana nao. Anasema kilichomvuta kilikuwa utambulisho, jamii na lengo la maisha. Itikadi ilikuwa ada ya kiingilio. Ukiwasikiliza watu wa namna hii unatambua pia kwa nini kutoka ni kugumu. Anayeondoka hapotezi maoni tu. Anapoteza kwa mkupuo marafiki wote, makazi pengine, na jina alilojijengea, na wale aliowaita ndugu sasa wanamwinda. Miradi kama Exit, iliyoanzishwa Norway mwaka 1997, Sweden mwaka 1998 na Ujerumani mwaka 2000, ilijengwa juu ya utambuzi huo. Haitoshi kumshinda mtu kwa hoja. Lazima awepo wa kumpokea.

Mitandao ya kijamii imeongeza kasi, ingawa sikubaliani na wanaoitwisha lawama yote. Rwanda ya 1994 haikuwa na simu za mkononi mashambani. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na kueneza chuki dhidi ya Watutsi, ilitosha. Vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa vilikuwepo tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, na kwenye vizuizi vya barabarani ndivyo vilivyoamua nani apite. Tofauti ya leo ni kwamba mpweke hahitaji tena kuishi jirani na kikundi. Kikundi humfuata chumbani, na mitambo inayochagua cha kumwonyesha imejifunza kwamba hasira humfanya abaki. Kampuni ya Facebook yenyewe ilikiri mwaka 2018 kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia mtandao wake kutumika kuchochea vurugu Myanmar, ambako Warohingya, jamii ya Waislamu wachache, zaidi ya 700,000 walikuwa wamekimbia tangu Agosti 2017. Na Warohingya hao walikuwa wameshafutwa kwenye daftari muda mrefu kabla ya intaneti, kwa sheria ya uraia ya mwaka 1982.

Najua jibu la watetezi wa utaifa mkali, na si lote la kupuuzwa. Watasema: nchi bila mipaka si nchi, watu wasiojivunia chao humezwa, na nyinyi mnaotuonya juu ya chuki mnaishi mbali na athari za uhamiaji. Dola ina haki ya kulinda mpaka, kutoa viza na kukataa viza. Raia ana haki ya kulalamika kwamba shule zimejaa na mishahara imeshuka. Hayo ni mambo ya sera, yanajadiliwa kwa takwimu na kuamuliwa kwa kura. Mimi hutazama kitu kingine. Huuliza: kwa mujibu wa hawa, mtu afanye nini ili ahesabiwe wa kwetu, na je, kuna siku atakuwa amemaliza kukifanya? Kufuata sheria kuna mwisho wake. Kujifunza lugha kuna mwisho wake. Kulipa kodi kuna risiti. Kuwa na damu safi, kuwa na imani isiyotiliwa shaka, kupiga kelele kuliko jirani yako, hayo hayana mwisho, na anayeyadai hataki upate. Swali la pili ninalouliza ni kama mtu anaweza kumpinga kiongozi hadharani na kurudi nyumbani akiwa bado ni mzalendo machoni pa wenzake. Pale ambapo jibu ni hapana, kilichopo si upendo wa nchi.

Kwamba kuipenda nchi kunaweza kusimama dhidi ya chuki, Nyange ni ushahidi. Tarehe 18 Machi 1997, wapiganaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walimiminiwa risasi na maguruneti, wakafa kadhaa, na leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa lao. Wale watoto walikuwa na utambulisho wa kitaifa, na waliufia. Walichokataa ni kuutumia kumtoa mwenzao nje ya darasa.

Ushujaa wa namna ile hauwezi kuwa sera, kwa sababu haimpasi mtoto kuwa shujaa ili aishi. Kwa hiyo swali la maana ni nini kinachowekwa kabla. Mawaidha ya tupendane hayatoshi, na hata kukutanishwa tu hakutoshi. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alilishuhudia hilo mwaka 1954 katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, alipowagawa wavulana 22 katika makundi mawili, wakashindanishwa hadi wakachomeana bendera. Kuwakutanisha mezani kuliwapa nafasi ya kurushiana chakula. Kilichopunguza uhasama ni shida ambazo kundi moja lisingeweza kuzimaliza peke yake: maji ya kambi yaliyokatika, na lori lililogoma kuwaka.

Ashutosh Varshney, mwanazuoni wa siasa, alilipeleka swali hilo kwenye miji halisi ya India, kwa kulinganisha miji yenye historia ya ghasia kati ya Wahindu na Waislamu na miji iliyofanana nayo kwa idadi ya watu wa dini hizo lakini yenye utulivu: kwa mfano Aligarh ya ghasia na Calicut ya utulivu. Alichokiona kinanipa matumaini kuliko hotuba yoyote. Kusalimiana mtaani, kualikana sikukuu, watoto kucheza pamoja, hayo ni mema lakini hukatika haraka wanasiasa wakichochea. Kilichostahimili ni vyama: vya wafanyabiashara, vya wafanyakazi, vya kitaaluma, ambamo watu wa dini zote mbili wana maslahi ya pamoja. Pale Calicut uvumi ukizuka, wapo watu wa pande zote wanaopigiana simu kuuhakiki kabla haujawa moto, kwa sababu ghasia zikianza wote wanapoteza.

Kwa hiyo ninapoona vyama vya wafanyakazi vinavunjwa, kumbi za vijana zinafungwa kwa kukosa bajeti, vyama vya ushirika vinakufa na timu za mitaani zinakosa uwanja, sihesabu hasara ya burudani tu. Nahesabu mahali ambapo kijana angeweza kuwa mtu bila kumchukia mtu: katibu wa chama, golikipa, mtunza hazina anayeaminiwa na watu wasiosali kama yeye. Serikali nyingi hutenga fedha za kufuatilia wenye msimamo mkali baada ya kujiunga, na zinapaswa kufanya hivyo. Fedha zinazokatwa kwenye vyama na viwanja ni ndogo zaidi, na kijana ambaye zingemfaa bado hajachukuliwa na yeyote.